Sasisho lipi ni la mashini yako?

Ingia katika kibanda chochote cha kuchapa na kutoa kopi mjini Kolwezi, Manika au Dilala, utakuta kompyuta zisizo na ukoo mmoja. Hii ilitoka Dubai ndani ya mzigo wa mitumba, na kibodi yake ni ya Kiingereza. Ile ilivuka Kasumbalesa kwenye begi la mfanyabiashara. Ya pembeni iliuzwa na fundi wa Kichina aliyemaliza mkataba wake mgodini, na menyu zake bado ni herufi za kwao. Ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi ina Linux aliyowekewa na rafiki. Kila moja inadai sasisho, "mise à jour" kama tunavyosema wenyewe, na kila sasisho linalipiwa kwa mega zilizotoka mfukoni mwa mtu.

Kesi inayowafikia mafundi mara kwa mara ni ya mtu aliyepakua faili usiku kucha kwa simu, akalihamishia kwenye fleshi, akalibofya, na Windows ikamjibu: "La mise à jour n'est pas applicable à votre ordinateur." Kesho yake yuko mlangoni: "Yaya, mashini yangu inakataa, labda imeoza?" Haijaoza. Faili lile ni la mashini ya aina nyingine, na jina lake lilikuwa likisema hivyo tangu mwanzo.

Soma jina kabla ya kulipia mega

Majina ya aina za kompyuta yanatisha kwa sababu kila kampuni ilikibatiza kitu kilekile kwa jina lake. Familia zenyewe ni chache. Ukiona x86, i386 au i686, hiyo ni biti 32 ya ukoo wa Intel. Ukiona x64, x86_64 au amd64, yote matatu ni jambo moja: biti 64 ya ukoo huohuo. arm64 na aarch64 nazo ni jambo moja, biti 64 ya ukoo wa ARM, ambao wengi tunaujua kupitia simu. armhf na armv7 ni ARM ya biti 32. Ukikutana na ia64, lipite tu. Hiyo ni Itanium, prosesa ya seva za zamani, na sidhani kama utaiona Kolwezi.

Jina la amd64 ndilo linalowapoteza wengi. Mtu ana kompyuta yenye kibandiko cha Intel, anaona faili la Linux limeandikwa amd64, anaogopa na kuchukua la i386 "ili awe salama". Hapo amejipunja. AMD ndiyo iliyobuni njia ya kuipeleka x86 kwenye biti 64, ikatoa prosesa ya Opteron mwaka 2003, kisha Intel ikaifuata njia hiyohiyo. Jina la mbunifu likabaki kwenye mafaili. Core i3 au i5 yako inachukua amd64 bila tatizo lolote.

Sasa maswali mawili ambayo lazima yatenganishwe. La kwanza: prosesa inaweza nini? La pili: mfumo uliowekwa juu yake ni wa aina gani? Sasisho la kila mwezi hufuata jibu la swali la pili. Kubadili mfumo wote hufuata jibu la kwanza. Makosa mengi ninayoyaona hutokana na kuyachanganya haya.

Kwenye Windows 10 au 11 fungua "Paramètres", kisha "Système", halafu ukurasa wa taarifa za mashini ulio mwisho wa orodha. Tafuta mstari wa "Type du système". Huko hutokea maneno ya namna hii: "Système d'exploitation 64 bits, processeur x64". Nusu ya kwanza ni jibu la swali la pili, nusu ya mwisho ni jibu la swali la kwanza. Kwa kompyuta nyingi nusu hizo zinakubaliana. Lakini kwenye mitumba utakuta mara kwa mara "Système d'exploitation 32 bits, processeur x64". Maana yake mtu aliyeitengeneza kabla yako aliweka Windows ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64, labda kwa sababu CD aliyokuwa nayo ndiyo hiyo. Mashini hiyo inakula masasisho ya x86, hata kama prosesa yake inaweza zaidi. Ukiipa la x64 itakataa, na itakuwa na haki.

Mashini ya namna hiyo ina dosari nyingine ambayo sasisho haliwezi kuiponya. Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kutumia kumbukumbu zaidi ya giga 4, hata uijaze nane. Na hakuna sasisho linaloitoa kwenye 32 kuipeleka 64. Lazima data zihifadhiwe pembeni, mfumo ufutwe, uwekwe upya. Habari njema ni kwamba leseni ya Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa kwenye mashini hiyo hufanya kazi kwa biti zote mbili, mradi toleo ni lilelile, Famille kwa Famille, Pro kwa Pro. Fundi asikutoze pesa ya "ufunguo mpya" kwa kazi hiyo.

Katalogi, namba na mkia wa faili

Ofisi yenye kompyuta kadhaa na intaneti ya kubahatisha ina faida kubwa ikijifunza kutumia Katalogi ya Masasisho ya Microsoft. Ni ukurasa wa bure: unaandika namba ya sasisho inayoanza na KB, unapata orodha ya mafaili, unachukua moja tu na kulibeba kwenye fleshi kwa kompyuta zote za aina hiyo. Kila mstari unasema toleo na aina: "Windows 10 Version 22H2 for x64-based Systems", na karibu yake x86 na ARM64. Kabla ya kuchagua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome toleo lako. Toleo na aina ya mashini vyote viwili lazima vikubaliane na mstari. Kimoja tu kikipishana, mega zako zimekwenda.

Usikusanye masasisho ya miezi yote. Yale makubwa ya Windows, yanayotoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, ni ya jumla: la mwisho limebeba yaliyotangulia ya toleo hilo. Mtu aliyekosa miezi sita anahitaji la mwezi huu peke yake. Nimewahi kuona fleshi imejaa mafaili ya mwaka mzima, mwenyewe akiyaweka moja baada ya jingine kwa utaratibu wa tarehe kama anayelipa madeni.

Windows 11 ya toleo la 24H2 imeongeza jambo moja hapa. Ukibofya kupakua, dirisha linaweza kukuonyesha mafaili mawili au zaidi badala ya moja. La ziada ni kituo cha njiani ambacho jipya linakitegemea. Yapakue yote, uyaweke kwenye folda moja, ndipo uanzishe jipya. Na uwe na nafasi: masasisho ya toleo hili ni mazito sana kuliko yale ya Windows 10 tuliyoyazoea, yanahesabiwa kwa giga.

Mtandao unapokatika katikati ya upakuaji, faili hubaki na jina zuri na tumbo tupu. Katalogi imetuachia njia ya kulijua. Mwisho wa jina la faili la .msu, baada ya mstari wa chini, kuna mkia mrefu wa herufi na tarakimu 40. Huo ni alama ya faili lenyewe. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1. Kompyuta itahesabu na kukupa mstari wake. Mstari ukilingana na mkia, faili limefika zima. Usipolingana, lifute, usipoteze saa nzima kulijaribu kwenye kila mashini.

Kuna jingine dogo ambalo ofisi nyingi hazilijui. Ndani ya mipangilio ya Windows Update kuna "Optimisation de la distribution". Ukiiwasha kwa kompyuta za mtandao wa ndani, mashini moja ikishapakua, nyingine kwenye Wi-Fi hiyohiyo zinaweza kuchukua vipande kwake badala ya kurudi intaneti. Lakini hapa tena aina inahesabika: kompyuta ya x86 haina cha kumgawia jirani wa x64. Ofisi ambayo mashini zake zote ni za aina moja na toleo moja hulipia mega mara moja. Ofisi iliyochanganya hulipia kila aina peke yake. Ukiwa unanunua kompyuta tano za kazi, hiyo ni sababu tosha ya kununua tano zinazofanana.

Na kwa anayetumia simu kama modemu: iambie Windows kwamba Wi-Fi hiyo ni "connexion limitée". Itaacha kupakua yale makubwa bila ruhusa yako. Usisahau kuitoa alama hiyo ukifika mahali penye intaneti ya bure, la sivyo utakaa mwaka mzima bila sasisho na kujidanganya kwamba uko salama.

Windows 10 imefika mwisho, tufanyeje?

Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Hapa kwetu hilo si jambo dogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mitumba inayouzwa ina Windows 10. Njia zilizopo ni tatu, na sizipendi sawasawa.

Ya kwanza ni kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada, hadi 13 Oktoba 2026. Lazima mashini iwe kwenye 22H2, na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Microsoft iliweka njia ya bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti hiyo, au kulipa dola 30. Kiungo cha kujiandikisha hutokea ndani ya Windows Update. Jambo la kukumbuka kwa sisi wa fleshi: mashini isiyoandikishwa haina haki ya mafaili ya baada ya tarehe ile, hata ukiyapakua kwa mkono na aina yake ikalingana. Andikisha kwanza, ndipo ubebe faili.

Ya pili ni Windows 11. Hii ni ya biti 64 peke yake, x64 au ARM64. Hakuna Windows 11 ya biti 32, na anayekuuzia DVD yake anakuuzia kitu kingine. Inataka kumbukumbu giga 4, diski giga 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel karibu prosesa zote zinazokubalika ni za kizazi cha 8 kwenda mbele. Wauzaji hupenda kuandika "Core i5" kwa herufi kubwa bila kutaja kizazi. Soma tarakimu baada ya kistari: i5-5300U ni kizazi cha 5, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Tofauti ya kwanza na ya pili ni dola kadhaa sokoni, lakini ndiyo tofauti ya kupata masasisho au kutoyapata. Kwa TPM, andika tpm.msc kwenye dirisha lile la Windows na R.

Mafundi wanajua mbinu za kuruka masharti hayo, na hufanya hivyo kila siku. Mimi siwezi kuzishauri kwa mashini ya kazi. Microsoft haikuahidi kitu kwa kompyuta zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma, na toleo la 24H2 lilifunga mlango kabisa kwa prosesa zisizojua amri za SSE4.2: Core 2 Duo iliyokuwa ikiendesha Windows 11 ya awali kwa hila haiwaki tena ikiwekewa hilo.

Ya tatu ni Linux, ambayo ndiyo ningeanza nayo kwa kompyuta ya kizazi cha 3 au cha 4 inayochapa barua na kufungua barua pepe. Ila nako biti zinahesabika kuliko zamani. Ubuntu iliacha kutoa diski za kompyuta ya mezani za biti 32 mwaka 2017. Debian ilivumilia zaidi, lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kusakinisha ya i386. Mwenye mashini ya biti 32 kweli, yaani prosesa yenyewe haiwezi 64, abaki Debian 12, ambayo itaendelea kutunzwa hadi katikati ya 2028. Asijaribu kupanda 13.

Kuthibitisha ndani ya Linux, andika lscpu. Mstari wa pili au wa tatu unataja kama prosesa inaweza "32-bit, 64-bit". Halafu andika dpkg --print-architecture ili ujue vifurushi vyenyewe ni vya aina gani. Amri ya uname -m, inayopendwa na kila mtu, hujibu kuhusu kiini cha mfumo tu. Kwenye Raspberry Pi 4 inaweza kukujibu aarch64 wakati vifurushi vyote ni armhf, kwa sababu tangu 2023 mfumo wa biti 32 wa Raspberry Pi huwasha kiini cha biti 64. Anayeamini jibu la kwanza hujaza kadi kwa mafaili ya arm64 yasiyoingia. Kwa kubeba masasisho kwenye fleshi tumia apt-offline: mashini isiyo na intaneti inaandika orodha ya inachohitaji, nyingine yenye intaneti inakwenda kununua, unarudi na mzigo kamili. Ukikopi mafaili ya .deb kwa mkono, tazama mkia: _amd64 kwa mfumo wa amd64, na _all kwa yote.

Kuna mtego mmoja wa vile vikompyuta vidogo vya bei rahisi vyenye Intel Atom ya miaka ya 2013 na 2014. Prosesa ni ya biti 64 lakini programu ya kuwashia, UEFI, ni ya biti 32. Diski ya kawaida ya amd64 haiwaki, na fundi anatangaza mashini imekufa. Debian 12 ina diski ya aina mbili kwa pamoja ambayo huwasha kwa biti 32 na kusakinisha 64.

Mzani, metorex na kompyuta zisizoguswa

Barabarani kuelekea Likasi, kwenye depo za Musompo, kuna kompyuta ambazo kazi yake ni kusoma mzani na kuandika risiti. Mara nyingi ni mashini kuukuu, Windows 7 ya biti 32, na mwenye depo anauliza kama aisasishe. Windows 7 ilikwisha kuachwa tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo la kusasisha halipo. Swali ni kama ahame. Hapo biti 32 zinaweza kuwa na sababu yake. Programu za zamani sana za biti 16 hazifanyi kazi kabisa kwenye Windows ya biti 64. Draiva za vifaa vya zamani vilevile: Windows ya biti 64 inahitaji draiva ya biti 64 yenye sahihi ya mtengenezaji, na kama mtengenezaji aliiacha bidhaa hiyo, haipo. Muulize aliyekuuzia mzani kwanza. Akisema hakuna draiva mpya, iache mashini ilivyo, iondoe kwenye intaneti kabisa, zima hata Wi-Fi yake, na iwe na fleshi yake moja isiyotembea. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia Mei, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu Machi. Mashini nyingi zilizoanguka zilikuwa Windows 7 zisizosasishwa na zilizounganishwa na mtandao.

Waya unaotoka kwenye mzani hadi USB una kesi yake. Mingi hutumia chipu ya Prolific, ya kweli au ya kuiga. Draiva mpya za kampuni hiyo huzikataa chipu za kuiga na hata zake za zamani, nazo huingia kimyakimya pamoja na Windows Update. Asubuhi mzani hauongei, na lawama humwangukia fundi wa mzani aliyefanya kazi yake vizuri. Kabla ya kununua waya mwingine, fungua orodha ya vifaa, tafuta kifaa chenye alama ya njano, na urudishe draiva ya awali.

Ile bunduki ya kupimia mawe, ambayo wachimbaji wote huiita metorex, ina mfumo wake wa ndani. Usiipe faili lolote lisilotoka kwa mtengenezaji kwa namba ya modeli hiyohiyo. Kompyuta inayopokea vipimo vyake ndiyo unayoweza kuijadili, nayo kwa swali moja: je, programu ya metorex inakubali toleo hilo la Windows? Kama ni kompyuta ya mgodi, ya KCC, ya Tenke Fungurume au ya Kamoa, usijadili kitu. Kampuni zina idara zake za kompyuta, na hizo hupanga sasisho lipi liingie na lini. Kuweka .msu yako ya fleshi kwenye mashini ya chumba cha kuongozea mitambo ni kutafuta barua ya kufukuzwa.

Wale walionunua kompyuta mpya za Snapdragon, zilizoanza kuenea mwaka 2024 zikisifiwa kwa betri ndefu, wajue wako kwenye ARM64. Windows 11 yake huziendesha programu nyingi za x64 kwa kuigiza, na mtu anaweza kukaa wiki bila kugundua tofauti. Siku ya kuunganisha printa ya zamani ndiyo siku ya kugundua, kwa kuwa uigizaji huo hauzigusi draiva. Kwa mwandishi au mwalimu ni mashini nzuri. Kwa kibanda cha kopi chenye printa za kila zama, nisingeinunua.

Mac nitaipitia haraka, ni chache mjini. Chini ya menyu ya tufaha, "À propos de ce Mac": ukiona "Puce Apple M1" au zaidi, uko ARM, ukiona "Processeur Intel", uko kwenye ukoo unaoagwa. Faili la mfumo ni moja kwa wote, ila macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Intel, tena kwa modeli chache tu. Usinunue Mac ya Intel leo kwa bei ya M1.

Na simu: sasisho la mfumo wa Android ni la modeli kamili, si la aina ya prosesa, kwa hiyo usikubali faili la Tecno nyingine hata kama zinafanana sura. Aina ya prosesa huja kwenye mafaili ya APK yanayogawanwa kwa Bluetooth. Simu nyingi za bei rahisi zina prosesa ya biti 64 na Android ya biti 32. Hizo zinataka armeabi-v7a, na arm64-v8a itazikataa.

Menyu za Kichina na kufuli la mwenye mashini wa zamani

Kompyuta yenye Windows ya Kichina hupokea masasisho ya kila mwezi yaleyale, lugha haihusiki. Lugha huhusika unapopandisha toleo zima kwa diski ya ISO ukitaka programu zibaki. ISO ya Kifaransa juu ya mfumo wa Kichina itakubali kuacha mafaili yako tu, au isikubali hata hayo. Ukitaka Kifaransa safi, hifadhi data, usakinishe upya, wala usipoteze siku ukitafuta sasisho la kugeuza lugha.

Kabla ya yote kwenye mashini ya mkono wa pili, hasa iliyotoka kwa mhandisi aliyerudi kwao, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike manage-bde -status. Kama diski imefungwa kwa usimbaji, ufunguo wa kuifungua huenda uko kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani. Unaweza kufanya kazi miezi bila kujua, mpaka siku unapoweka sasisho la BIOS, yaani programu ya kuwashia mashini. Mashini inawaka na kudai tarakimu 48 ambazo wewe hukupewa, naye hapokei simu. Usakinishe upya siku ya kununua, kwa akaunti yako.

Sasisho la BIOS lenyewe nalipendekeza kwa nadra, na kamwe si kwenye kompyuta ya mezani isiyo na "onduleur". Nzilo na Nseke ziko hapa jirani, lakini umeme wake una wateja wakubwa kuliko sisi. Sasisho la Windows likikatwa katikati, mara nyingi mfumo hurudi nyuma wenyewe. BIOS ikikatwa katikati, ubao unaweza kufa. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji kweli, zaidi ya nusu, na chaja imechomekwa. Weka masasisho mchana unapoona umeme umetulia, usiyaachie yajiwekee usiku.

Kwa mashini zisizoona intaneti, kuna faili dogo zaidi linalofaa kubebwa kila wiki kuliko lile kubwa la mwezi: orodha ya virusi ya Microsoft Defender, mpam-fe.exe. Microsoft imeahidi kuendelea kuitoa kwa Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ipo kwa biti 32, biti 64 na ARM, na mafaili yote yana jina lilelile, kwa hiyo yaweke kwenye folda tatu zenye majina tofauti siku ileile unapoyapakua. Fleshi zetu hupita kutoka kibanda hadi kibanda, na virusi vinazipenda.

Halafu chukua karatasi ya kunata, uandike modeli, biti za prosesa, biti za mfumo, toleo la winver na tarehe ya sasisho la mwisho, uibandike chini ya mashini. Fundi atakayekuja baada yako hatahitaji hata kuiwasha ili ajue alete faili gani.